Mpaka Njiwa Atue

Ndani ya basi la kwenda katikati ya mji wa Lens, kaskazini mwa Ufaransa, Maëlle alijificha nyuma ya kitabu chake cha chuo. Filamu waliyokuwa wakibishania wale wawili wa kiti cha mbele aliiona jana, na alicheka mpaka machozi.

"Ni vichekesho tu, mama," alisema bwana mwenye skafu ya timu. "Wanawatania watu wa televisheni, wale wanaoishi mbele ya kamera."

"Yule mfuga njiwa wa kwenye filamu ni marehemu mume wangu," alijibu bibi mwenye koti la kijani. "Watu wa televisheni walikuja kwetu kweli, wakampiga picha. Sasa filamu imemwiga mpaka kofia, halafu eti anapiga kelele njiwa wake anaporudi nyumbani kutoka mashindano ya mbio za njiwa. Nani hupiga kelele, mwanangu? Jumapili ya mashindano sisi hata kikombe hatukigusi mpaka njiwa atue, asije akashtuka. Aliyeandika hayo hajawahi kufuga hata kuku."

Bwana akacheka, kisha akajuta. "Sasa utafanyaje?"

"Naenda kuitazama mara ya tatu. Nakaa mstari wa mbele. Wakianza kumcheka, nasimama, sisemi neno."

"Watakuzomea."

"Wazomee."

Basi likasimama mbele ya sinema. Bibi akafunga vifungo vyote vya koti, hadi cha shingoni.

"Na utasimama mpaka lini, mama?"

"Mpaka njiwa atue," alisema, akashuka.

Kituo cha Maëlle kilikuwa bado mbali, lakini kitabu alikuwa ameshakifunga, naye akainuka kushuka.