Alois Stefano Lukwele, Fundi Mizani Aliyevaa Sketi Mchana Kweupe

Marehemu Alois Stefano Lukwele alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1978, katika kitongoji kilicho juu ya Mkuyuni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya Matombo. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Stefano Lukwele, ambaye ametangulia mbele ya haki, na Bi Semeni, ambaye yupo nasi leo, amekaa pale mbele. Wasifu huu umeandikwa na dada yake, Winfrida. Kikao cha familia kiliomba baadhi ya aya ziondolewe. Hazikuondolewa, kwa sababu bila hizo tungekuwa tunamzika mtu mwingine.

Masika ya mwaka 1985 mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika, na kaptula pekee ya Alois ikagoma kukauka. Mama alimvalisha sketi ya Winfrida ili aweze kwenda kuchota maji. Jua lilipotoka na kaptula ikakauka, mtoto akaikataa. Siku tatu alizunguka na ile sketi, akijizungusha uwanjani ili ipepee, na majirani walikuja kumtazama wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mzee Stefano naye alicheka. Siku ya nne Alois aliivua mwenyewe, kwa sababu dada yake alikuwa analia anaitaka. Winfrida alimwomba radhi kwa hilo miaka zaidi ya thelathini baadaye. Alois alijibu kwamba alishasahau, lakini hakuwa amesahau.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani darasani, ila nafasi ya sekondari haikupatikana. Januari 1995 alishuka Morogoro mjini kujifunza kazi kwa Fundi Said, aliyekuwa akitengeneza mizani katika chumba kimoja nyuma ya soko. Alikaa naye miaka mitano. Mwaka 2000 alianza kujitegemea, na miaka miwili baadaye akahamia Kihonda.

Kazi yake wengi wenu mnaifahamu. Alipanda na kushuka milima hii na mfuko wa spana, springi na mawe ya kupimia, soko hadi soko, akirekebisha mizani ya wauza ndizi, maharage na karafuu. Mizani iliyopita mikononi mwake haikumpunja muuzaji wala mnunuzi. Wafanyabiashara walipogombana kuhusu kipimo, walikubaliana kumsubiri Fundi Alois, na alichosema ndicho kilichokuwa.

Tarehe 26 Juni 2004 alifunga ndoa takatifu na Neema, mwalimu wa chekechea kutoka Same. Mwaka uliofuata walimpata mtoto wao wa pekee, Rose. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko. Neema alizoea kusema kwamba mumewe anaongea na mizani zaidi kuliko anavyoongea na mkewe, na Alois hakubisha.

Mei 2016, akipita kwenye mitumba, Alois alisimama mbele ya sketi ya kijani yenye marinda. Muuzaji akamwuliza, "Shemeji anavaa saizi gani?" Alois akajibu, "Wewe pima kwangu tu." Muuzaji alicheka akidhani ni utani. Neema alimkuta chumbani jioni ile, amesimama mbele ya kioo akiwa ameivaa. Neema akakaa kitandani.

"Hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Unaivalia nini, Alois?"

"Naipenda inavyopepea miguuni. Sina sababu nyingine, mke wangu. Nimeitafuta sijaiona."

Neema aliishika sketi akaigeuza. Kisha akamwambia pindo limeachia upande mmoja, akachukua sindano akalishona.

Ujasiri haukumjia kwa mara moja. Miezi ya kwanza aliivaa chumbani. Baadaye akaanza kuanika nguo uani akiwa nayo, kisha akafika bombani kwa jirani akarudi na ndoo. Jumamosi, tarehe 4 Februari 2017, saa nne asubuhi, alitembea kutoka nyumbani hadi dukani kununua unga. Alimsimulia dada yake kwamba wakati wa kwenda alikaza mwendo, lakini wakati wa kurudi alitembea polepole makusudi. Mwenye duka, Ramadhani, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Fundi, kama suruali zinakubana, mimi nina kanzu mbili. Chukua moja."

"Kanzu ni vazi zuri, Ramadhani. Lakini siyo hili."

Ramadhani akampimia unga. Aliendelea kumpimia hadi mwisho, hata pale wengine walipoacha kumwitikia salamu.

Mwaka ule na uliofuata, Alois alivaa sketi na magauni katika shughuli zake za kila siku. Alivitengeneza vipimo vya watu akiwa amevaa gauni la maua, na mizani ilikaa sawa kama kawaida. Wanaume wawili walianza kumtembelea Jumamosi alasiri. Walikuja na nguo zao kwenye mifuko, wakabadilisha ndani, wakakaa uani wakinywa chai na kuongea habari za mpira. Mmoja wao alimwambia Neema kwamba ana miaka arobaini na moja na hajawahi kukaa kwenye kiti bila kujiangalia. Majina yao hayatajwi hapa. Wanajijua, na tunawashukuru kwa kufika.

Mambo yaliharibika Machi 2019. Majirani waliitisha kikao, wakamwita Alois ajieleze. Walisema anaharibu watoto. Wengine walisema maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya jeneza. Aliyesimama kumtetea alikuwa Ramadhani peke yake. "Wanaume suruali wako wengi hapa mtaani," alisema. "Wanazalisha wanakimbia, watoto wanalala na njaa. Hatujawahi kuwaitia kikao hata siku moja." Watu walimzomea akakaa. Jumamosi iliyofuata wale wageni wawili hawakuja. Hawakuja tena.

Mwezi wa saba mwaka huohuo, katika mnada mmoja huku milimani, vijana walimzunguka Alois akiwa ameinama kwenye mizani. Walimchania sketi wakamwacha na chupi katikati ya watu, wengine wakipiga picha kwa simu. Mama mmoja muuza ndizi alimrushia kanga yake. Alois aliifunga kiunoni, akamaliza kukaza springi aliyokuwa ameishika, akafunga mfuko wake na kuanza kushuka kwa miguu. Picha zilimtangulia mjini. Baada ya hapo wateja walimwambia wamepata fundi mwingine, au mizani haijaharibika, au aje mwezi ujao.

Rose alikuwa na miaka kumi na minne. Shuleni walimbandikia jina la baba yake kwa kejeli, hata akaacha kula mchana. Januari 2020 Neema alifunga mizigo, akamchukua mtoto akarudi kwao Same.

"Mimi sina ugomvi na gauni," alimwambia Alois mlangoni. "Ugomvi wangu ni kutoka nje baada yako, nikapita palepale ulipopita wewe."

Alois alimbebea begi hadi stendi. Alikuwa amevaa suruali.

Oktoba 2021 alipanda kumsalimia mama yake. Alimpa shikamoo, akakaa chini karibu na miguu yake, akamwambia anachotaka ni ruhusa yake peke yake. Wengine wote atawavumilia. Bi Semeni akasema, "Mwanangu, mimi nimebakiza siku chache. Nizike kwanza, halafu vaa unachotaka." Alois akakubali. Alirudi Kihonda, akazikunja nguo zote akaziweka ndani ya sanduku, akalisukuma chini ya kitanda. Alikuwa na miaka arobaini na tatu na mama yake sabini na minne, na kama fundi alijua kupiga hesabu.

Miaka iliyofuata hakulalamika. Alitengeneza mizani michache iliyoletwa nyumbani. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Alipoulizwa anaendeleaje alisema yupo. Winfrida aliyekuwa akimtembelea kila mwezi aliona mdogo wake anapungua, akadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, na ulikuwa ugonjwa pia.

Aprili 2025 alianza kusikia maumivu upande wa kulia wa tumbo. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ini, na madaktari walisema umekwishasambaa. Neema alipopata taarifa alirudi kumuuguza, na Rose alimfuata baada ya mitihani. Mwezi wa Juni Alois alilazwa afanyiwe upasuaji mdogo wa kupunguza maumivu. Asubuhi ile wauguzi waliwagawia wagonjwa wa wodi ya wanaume magauni ya kuingilia chumba cha upasuaji. Winfrida alipofika alimkuta mdogo wake amekaa kitandani anatabasamu, jambo ambalo hakuwa ameliona kwa miaka.

"Dada, hebu tazama. Wanaume kumi na wawili. Na yule wa dirishani ni mjeshi."

Winfrida alitazama. Walikuwa kumi na wawili kweli, na hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwona mwenzake. Kila mmoja alikuwa anaogopa la kwake.

"Kumbe inawezekana," Alois alisema. "Ila mpaka wawe wanaumwa."

Alirudi nyumbani Kihonda mwezi wa Julai. Siku tatu kabla ya mwisho wake alimwomba Neema amzike na gauni la bluu lililokuwa sandukuni. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 13 Agosto 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Rose. Alikuwa amebakiza wiki nne kutimiza miaka arobaini na saba.

Neema alilifikisha ombi lile kwenye kikao cha ukoo. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno, alisema familia imeshaaibika vya kutosha. Bi Semeni aliomba kusema. Alisema, "Nilimwambia asubiri nife." Alirudia mara mbili. Kikao kikaendelea na suala la usafiri.

Marehemu amevalishwa suti ya kijivu. Si yake, maana hakuwahi kuwa na suti. Ni ya shemeji yake. Waliomvalisha walisema ilikuwa kubwa, ikabidi waibane kwa pini mgongoni, mahali pasipoonekana.

Alois ameacha mama, Bi Semeni; mjane, Neema; binti, Rose; dada, Winfrida; mjomba, shemeji na ndugu wa pande zote mbili; jirani yake Ramadhani, aliyefunga duka siku nne kwa ajili ya msiba huu; na marafiki wawili waliokuja leo wamevaa suruali.

Mungu ampe Alois pumziko ambalo sisi, tuliokuwa na uwezo wa kumpa, hatukumpa. Amina.