Ingunn binti Ketill, Aliyeishika Kamba

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma historia ya dada yangu, Mungu anisamehe, maana siku maharamia walipotushukia ni mimi Hallvard, mdogo wake, niliyemnyima kamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1603 hapa hapa kisiwani Heimaey, akafundishwa katekisimu na mama yetu penye taa ya mafuta ya samaki, akakua akianika chewa na kunyonyoa ndege wa majabalini, na tarehe 12 Septemba 1624 akafunga ndoa na Illugi, mvuvi, wakajaliwa mtoto mmoja, Solveig, huyu mnayemwona ameketi mbele.

Julai 1627 meli kutoka Aljeri zilitia nanga, Illugi akauawa bandarini, sisi tukakimbilia jabali la mayai, tunakoshuka kwa kamba kuokota mayai ya ndege, nikapanda kwanza na kamba, dada akamfunga mtoto kwenye kamba nikamvuta, na ilipofika zamu yake nikawaona wenye mapanga wakitokeza nyuma yake, nikaogopa wataipanda, sikuishusha tena, wala sikutazama chini.

Walimchukua, akakaa utumwani Aljeri miaka kumi, akakombolewa kwa michango ya makanisa, akarudi kiangazi cha 1637, mchungaji akamketisha na watoto ajifunze upya imani kabla ya kurudi mezani pa Bwana, naye akavumilia, ila mimi nilimkwepa, nikimwona njia hii napita ile, usingizi ukanikimbia. Msimu wa mayai uliofuata nilikuwa nimeshajifunga kamba kiunoni, nimesimama ukingoni, mara akaja, akamwambia mshika kamba wangu akapumzike, akaizungusha mwilini mwake, akasema, "Shuka, mdogo wangu, leo nakushikia mimi, na ukiogopa, tazama juu."

Nilishuka, nikaning'inia pale nisiweze kuokota kitu, naye akanivuta taratibu, akachungulia kikapu kitupu, akasema, "Miaka kumi nakusubiri, hata yai hujaniletea."

Tangu hapo alinishikia kamba kila msimu mpaka uzee ulipomzuia, na hakulitaja tena jambo lile.

Kifua kilimshika tarehe 6 Januari mwaka huu wa 1665, akafariki tarehe 9 Februari mikononi mwa Solveig, nasi tunawashukuru mchungaji, majirani waliotuletea kuni, na kina mama waliomwosha.

Dada, lala salama kwa Mwokozi wako.

Nanyi ndugu zangu, jeneza litashushwa kwa kamba yetu ya jabalini, na mikono yangu siiamini, naomba wawili wenu mje mshike pamoja nami, tumshushe polepole.