Nilivyoacha Kuimbiwa na Kanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na ninyi wa karibu na mlango msinyamaze, nawaona. Wale wa nyumbani, chamgei. Mimi naitwa Chepkoech, mzaliwa wa Kiptere. Wengine mnanijua kwa jina la Lili Sta, na kama bado mna kanda zangu nyumbani, leo mtajua habari yake.

Nilianza kuimba nikichuma chai ya baba, kikapu mgongoni. Asubuhi za ukungu hatukuonana, kila mtu na mstari wake, basi mama aliniambia niimbe ili ajue nilipo. Niliimba. Sauti ilipita juu ya majani, ikafika kwenye mikaratusi, ikarudi polepole, nami niliona kama dunia nzima ni weupe ule, na ndani yake tuko wawili tu, mimi na mama. Nilikuwa na furaha na sikujua kwamba ile ni furaha.

Miaka ya tisini ilipoanza, meneja wa bendi moja ya Kericho mjini alinisikia kwenye harusi, akanichukua. Tukatoa kanda ya nyimbo za mapenzi, Kikipsigis na Kiswahili, na vinanda vya umeme nyuma. Ilipigwa redioni, kwa kinyozi, hotelini, kila mahali. Nilivaa gauni la kumetameta na viatu vilivyoniua miguu. Nikipita sokoni, watu waliimba nyimbo zangu kama ni zao, nami nikatembea kama mtu anayeota. Kichwa kilivimba, sitawaficha.

Halafu sauti ikaisha. Maonyesho kila wikendi, vumbi, baridi, na pombe kidogo ya kupasha koo ambayo haikubaki kidogo. Asubuhi moja nilifungua mdomo ikatoka hewa. Meneja hakushtuka. Aliweka kanda kwenye mashine, akanipa maiki ambayo haikuunganishwa popote, akaniambia nichezeshe midomo. Nikachezesha, na watu wakashangilia! Ndugu zangu, nilichezesha midomo miaka miwili. Nilimsikia yule msichana wa zamani akiimba kwenye spika, nami nimesimama na gauni langu kama mtu aliyekuja kumsindikiza tu.

Mungu alinishika kwenye uwanja mmoja kule Bomet, mchana peupe. Wakulima wamejaa, watoto wa shule wamejaa, na mama yangu amekuja kuniona kwa mara ya kwanza. Katikati ya wimbo wa pili jenereta ilizimika. Kanda ikavutika, ikakata. Mnajua watu wetu walifanya nini? Hawakuzomea. Walisogea karibu, wakanyamazisha watoto, mzee mmoja akasema niimbe hivyo hivyo, watanisikia. Wakangoja kwa upendo kabisa.

Nikaanguka chini. Sikuzimia, ndugu zangu, nilijifanya! Huo ndio mchezo wangu wa kwanza wa kuigiza. Kina mama walinipepea kwa leso zao, wakaniombea huku wakilia, na mimi nimefumba macho nawasikia wakimwambia Mungu uongo wangu. Ingekuwa afadhali wanipige. Nilifungua jicho kidogo nikamwona mama amesimama pembeni. Hakuwa akilia wala kuomba, aliniangalia tu.

Walinipeleka hospitali ya misheni huko Kaplong. Daktari aliangalia koo langu, akasema limevimba vibaya, nisitoe sauti wiki sita, hata ya kunong'ona. Baada ya hapo nijaribu taratibu, na kama itarudi, itarudi.

Nikarudi nyumbani kunyamaza. Mama hajui kusoma, kwa hiyo daftari la kuandikia halikunisaidia, tukaishi kwa mikono na macho. Sijui niwaelezeje zile wiki. Nilikaa kati ya mistari ya chai nikisikia vidole vya wachumaji vikikata majani, king'ora cha kiwanda mbali, ng'ombe wa jirani akitafuna. Ukungu ulikuja na kuondoka. Kuna siku sikujua kama niko macho au nimelala, na sikuona haja ya kujua. Kina mama wa kanisa walisikia sisemi, wakaamini nimeweka nadhiri. Wakaanza kuja mmoja mmoja kuniletea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na mahitaji yao ya maombi! Ningewaambiaje, na sina sauti? Nilinywa maziwa, nikainamisha kichwa.

Mmoja wao alikuwa Mama Atieno, karani wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka kando ya ziwa. Alikuwa akitunga mchezo wa nyimbo wa Pasaka, uchezwe kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa shamba. Ni habari ya mama ambaye mwanawe aliondoka akapotea, naye akalia mpaka sauti ikakauka. Anaomba kwa midomo tu, na kwaya nyuma ya pazia inaimba ombi lake. Mwishoni mtoto anarudi, na mama anaimba wimbo mmoja wa kumpokea. Alitaka mimi ndiye niwe huyo mama. Nilimwonyesha koo langu kwa kidole.

"Chepkoech, sauti sijakuomba," akasema. "Nataka uso. Ule wimbo wa mwisho kwaya itanyamaza. Ukiwa nayo, imba. Ukikosa, simama hapo hapo, sisi tutangoja na wewe."

Wiki sita ziliisha na sikujaribu hata kukohoa, kwa woga. Ijumaa kabla ya Pasaka meneja alikuja na pikapu. Alileta kanda mpya, ameiunganisha kutoka nyimbo zangu za zamani, na kazi tayari Nakuru na Kisumu. Nilimwonyesha koo, akacheka kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya.

"Kanda haikohoi, Lili," akasema. "Jumatatu nakuja kukuchukua."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekubali, ndugu zangu! Nilijiona nazeeka nyuma ya sauti ya msichana ambaye hayupo, na nilikuwa nimekubali.

Jumapili mchana ukumbi ulifurika. Nilicheza vizuri, nitasema uongo wa nini, kuchezesha midomo ndiyo kazi niliyoijua. Tulipofika wimbo wa mwisho mawingu yakapasuka. Mvua ya mawe! Mnaijua mvua ya mawe ya kwetu juu ya mabati. Huwezi kusikia hata mawazo yako. Kwaya ikanyamaza kama tulivyopatana, na macho yote yakanigeukia.

Hapo ndipo adui alinijia, tena kwa sauti tamu. Aliniambia chezesha tu, Lili, nani atajua? Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Nilifungua midomo kama nilivyozoea. Kisha, sijui, niliona aibu mbele za Mungu, Yeye peke yake, na nikasukuma. Iliuma. Ilitoka nzito, imepasuka, chini kabisa mahali ambapo sikuwahi kuimba. Niliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, machozi yananiingia mdomoni, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisikia. Nilikuwa ndani ya ile kelele kama ndani ya chumba kilichofungwa, mimi na Bwana. Nilipomaliza, mawe nayo yakapungua, watu wakapiga makofi kwa heshima, wengine wakinung'unika kwamba wimbo mzuri umepotea bure.

Mama alinijia nyuma ya pazia, akashika shingo yangu kwa mikono yake miwili.

"Sikusikia hata neno," akasema. "Lakini leo mishipa ilisimama. Kule Bomet ilikuwa imelala, hata kabla jenereta haijazima."

Alijua! Alijua siku zote hizo, akanipikia, akaninyamazia, akaomba. Nililia nikamwambia ukweli wote, na hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza.

Jumatatu pikapu ilipopiga honi niliteremka barabarani na gauni la kumetameta, nikamrudishia meneja pamoja na kanda yake. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wale kina mama wa maziwa nikaungama. Mmoja alikasirika kwelikweli, na alikuwa na haki. Mama Atieno akanipa mchezo mwingine. Tangu hapo tumezunguka na michezo ya nyimbo, Kabianga, Kaplong, mashamba yote haya, na nimekuwa nyanya, nimekuwa malkia, nimekuwa mchawi hadi watoto wakakimbia.

Sauti ya juu haikurudi. Niliiomba na sikupewa, na leo namshukuru Mungu kwa hii niliyopewa. Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna kitu unachezesha tu, ndoani, kazini, hata hapa kanisani, njoo kwake na ile sauti mbovu uliyobaki nayo. Mwamini, anaipokea! Sasa nitaimba ubeti mmoja. Mahali nitakapokwama mtavumilia. Mimi nimeshazoea, na Bwana pia.