Mama Waya, Aliyeirudisha Tovuti Yetu Nyumbani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Waya atatoka kwenye geti la karakana yetu ya miguu bandia akiwa mstaafu, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Tarehe hiyo iko kwenye ubao wa matangazo tangu mwaka jana. Aliyeibandika ni yeye mwenyewe, tena kwa gundi ya viatu, asije akatokea mtu wa kuibandua. Wahariri wa jarida hili wameomba wasifu wenye heshima. Heshima imo humu, ila msomaji itabidi aitafute.

Aliajiriwa kama mpokea simu. Siku ya kwanza akakuta simu yenyewe haisemi. Mwingine angekaa akasubiri fundi, yeye alipanda juu ya meza, akaufuata waya mpaka darini, akazama huko nusu mwili. Mkurugenzi alipofungua mlango aliona miguu miwili inaning'inia kutoka juu, akadhani stoo imejaa na bidhaa zimeanza kuhifadhiwa kwenye dari. Simu ilipona kabla ya chai, na kuanzia hapo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwa mhasibu tu, kwa ajili ya mshahara.

Kompyuta zilipoingia, wengi wetu tulizikwepa kama mbwa mgeni. Mama Waya akajiandikisha masomo ya jioni, akarudi na cheti na maneno mengi. Ndiye aliyeitengeneza tovuti ya karakana. Ukurasa wa mbele aliweka picha ya nyayo za bandia tunazochonga kwenye benchi letu la nyayo, zimepangwa kwenye rafu, safi, zimepigwa msasa zikang'aa. Baadhi ya wateja walisema zinavutia kuliko za mwenye benchi. Hayo tuyaache.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kila mtu hapa anajifanya alikuwepo.

Tovuti, kwa wale ambao bado wanadhani inaelea hewani, ni mpangaji. Inakaa ndani ya mashine, mashine iko ndani ya chumba, na chumba kiko ndani ya nchi. Ya kwetu Mkurugenzi aliipangishia mbali, kwenye nchi ya baridi, kwa sababu rafiki yake aliyesoma huko alimwambia ndiko tovuti zenye hadhi zinakokaa. Jina la tovuti nalo halikuwa na mkia wa nchi yetu, zile herufi za mwisho zinazotaja nchi. Basi injini za kutafutia, zile mashine zinazomjibu mtu akiuliza kitu mtandaoni, zikawa zinatutazama na kutuona wageni. Mtu wa hapa akitafuta mguu, sisi tunawekwa nyuma huko. Mtu wa kwenye theluji akitafuta, tunasogezwa mbele. Mzee mmoja wa huko alitupigia simu kuuliza kama unyayo wetu unaingia kwenye buti la barafu. Tulicheka wiki nzima, hatukujua tunachekea msiba wetu.

Maana wateja walikuwa wanapungua. Benchi la kusubiria, ambalo zamani ulilazimika kuomba nafasi kwa kukohoa, likawa la kulalia paka. Ikatangazwa kwamba mvua zikiisha na hali ikiwa hiyohiyo, benchi la nyayo litafungwa, nyayo zitanunuliwa zikiwa tayari kutoka nje, na mafundi wake wanne, mwandishi akiwa mmojawapo, watakwenda nyumbani kuwasumbua wake zao.

Mkurugenzi hakuelewa wateja wamekwenda wapi. Kila mgeni aliyeingia ofisini kwake alivutwa mpaka mbele ya kompyuta, Mkurugenzi akaandika "miguu bandia" kwa kidole kimoja, na karakana yetu ikatokea ya kwanza kabisa. Akasimama pembeni ameweka mikono kiunoni kama aliyezaa mapacha.

Aliyelifichua jambo ni wifi yake Mama Waya, fundi cherehani wa mji mwingine. Alikuwa na mteja mwenye mguu wa dukani uliokuwa unambana, akataka kumwelekeza kwetu, akatafuta kwenye simu yake. Kisha akampigia Mama Waya, akiwa amewekwa kwenye spika katikati ya ofisi, sote tunasikia.

"Wifi, hiyo karakana ipo kweli, au ukimuaga kaka yangu asubuhi huwa unakwenda kuzurura?"

"Andika vizuri wewe!"

"Nimeandika. Nimeona wauza miguu wa ng'ambo, nimeona mtu anauza meza za miguu mitatu. Wewe sijakuona."

Ofisi nzima ilicheka, Mama Waya hakucheka. Asubuhi alikwenda getini, akaazima simu za madereva, za wagonjwa, na ya muuza vocha, akatafuta kwenye kila moja. Hatukuwemo. Akapanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, bila kubisha hodi, akamwambia kwamba kompyuta yake imeshamzoea. Inajua kila siku anajitafuta mwenyewe, basi inampa anachokipenda. "Bosi, hapo hutafuti. Unajiangalia kwenye kioo."

Aliitwa mtaalamu kijana, tukampa jina la Miwani. Huyu alisema mambo kwa utaratibu: mahali mashine ilipo kuna uzito wake, ila si mkubwa kama watu wanavyodhani. Kikubwa ni kurasa zifunguke haraka kwa watu wa karibu, jina lipate mkia wa nchi, na anwani yetu iandikwe wazi. Mama Waya akasema mahali ndiyo kila kitu, mengine ni mapambo. Walibishana mpaka chai ikapoa, tena chai yenyewe wala si yao. Mwisho Mkurugenzi akatoa ruhusa ya kuhama, kwa sharti: mvua zikiisha bila wateja kurudi, benchi la nyayo linafungwa, na Mama Waya anarudi mezani kupokea simu, tovuti anaikabidhi kwa mwingine.

Akahamisha. Alifanya kama mama anayehamisha nyumba, hamwamini mbebaji hata kwa kijiko. Ukurasa mmoja mmoja, picha moja moja, jina jipya lenye mkia wa nyumbani. Baadaye akakaa kungoja wageni.

Tukapotea kabisa. Siyo kushuka, kupotea. Mkurugenzi aliandika kwa kile kidole chake, akakuta hata kioo kimevunjika. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye tanuri la plastiki: "Mama Waya! Zamani tulikuwa hatuonekani kwa watu. Sasa sionekani hata mimi!"

Zile zilikuwa wiki ngumu. Mama Waya alimlaumu mwenye mashine mpya, akaulaumu umeme, akamlaumu Miwani kwa kuwa na kijicho. Sisi wa benchi la nyayo tulianza kugawana zana kwa macho. Mwenzetu mmoja aliuliza kama msasa unaweza kuoshea sufuria.

Aliyelikuta tatizo ni huyohuyo Miwani, akiwa na biskuti mdomoni, anapitia maandishi ya nyuma ya kurasa, yale ambayo msomaji hayaoni. Wakati wa kuhama, Mama Waya alikuwa ameweka humo kibao cha kuziambia injini za kutafutia zisiingie, ili zisije zikatukuta vyombo viko nje. Nyumba ilishapangwa, mapazia yalishawekwa, kibao kikabaki mlangoni. Injini zina adabu, zilisoma zikageuka.

"Mama," alisema Miwani, biskuti ikimdondoka, "umefunga mlango kwa ndani, halafu unanuna kwamba wageni hawaji."

Mama Waya alishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akafanya jambo ambalo wengi wenye vyeo kumzidi hawaliwezi. Akapita benchi kwa benchi, kuanzia kwa wanaochukua vipimo vya miguu kwa plasta mpaka kwetu mwisho, akisema, "Ni mimi. Kibao nilikisahau mimi." Kidevu juu kabisa, ungedhani anatangaza zawadi aliyoshinda.

Kibao kilitolewa siku hiyohiyo. Haikuwa kama taa kuwashwa. Tulirudi polepole, kwanza huko nyuma ambako hakuna mtu anayefika, kisha tukasogea, tukawapita wauza meza, tukawapita wa ng'ambo wawili watatu. Kurasa zilikuwa zinafunguka kabla mtu hajamaliza kupangusa kioo cha simu. Mvua zilipokuwa zinakatika, yule mteja wa wifi akaja, akafuatwa na mama mmoja mwenye binti, akafuatwa na mwalimu mkuu aliyekaa kwenye lile benchi akabanwa na watu pande zote mbili. Paka akahama kwa hiari.

Benchi la nyayo halikufungwa. Nani anastahili sifa, bado ni kesi. Mama Waya anasema ni mahali. Miwani, ambaye siku hizi naye ana kitambi, anasema ni kasi na ule mkia wa jina, na mahali palisaidia kidogo. Wakikutana hukaa mbalimbali ili watu wengine wapate kula.

Mengine aliyotufanyia ni mengi: aliwafundisha kazi wapokea simu wote waliomfuata, alileta utaratibu wa kuwapigia wagonjwa kuuliza mguu unaendeleaje, na aliweka amri kwamba anayetaka kujua kama tunaonekana aazime simu ya mtu asiyetujua. Mabaya yake pia tuyaseme: anaimba akiwa kazini, hajui tuni hata moja, na zamu yake ya kuosha vikombe tangu aajiriwe hatujawahi kuiona.

Anayeshika nafasi yake ni dada aliyemlea mwenyewe kazini. Huyu anataka kuihamishia tovuti kwenye huduma zinazoweka nakala yake kwenye miji mingi kwa wakati mmoja, kila mtu apewe iliyo karibu naye. Tulidhani Mama Waya atawaka. Alisikiliza, akauliza maswali magumu mawili, akasema sawa. Akamwandikia kwa mkono wake hatua za kuhama, ya mwisho kaipigia mstari mara tatu: toa kibao.

Asante, Mama Waya, kwa kazi, kwa ubishi, na kwa kukubali kukosea kwa sauti ya kusikika. Ijumaa sisi wanne wa benchi la nyayo tutajipanga getini na aproni zetu, vumbi la msasa mpaka kwenye nyusi, kwa sababu tutakuwa tumetoka kazini muda uleule. Pita katikati yetu taratibu ukapumzike. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na maisha matamu huko uendako.