Nusu Uzi, Nusu Pini

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu mkubwa, mimi fundi cherehani ninayezimia nikiona damu, kwa hiyo mkiona naharakisha mnivumilie, marehemu mwenyewe hakuwahi kukaa kitini dakika kumi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba yetu, fundi nguo, akasoma shule ya msingi 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, na chuo cha uuguzi 1980 hadi 1983, kisha akaajiriwa chumba cha upasuaji wa mifupa, alikodumu miaka thelathini na minane. Tarehe 6 Septemba 1986 aliolewa na shemeji yangu, fundi redio, mtu mpole kupita kiasi, wakajaliwa mabinti wawili.

Jambo lililomkosesha raha ni hili: goti likishapasuliwa, ngozi ifungwe kwa uzi, kwa pini za chuma, au kwa gundi? Daktari bingwa wake alipenda pini kwa kuwa ni za haraka, dada akashikilia uzi, wakabishana tangu 2009 bila kununiana, naye akafungua daftari, kila mgonjwa apimwe upana wa kovu siku ya tisini baada ya upasuaji, na macho yangu haya yalimwona kwenye foleni ya benki, rula mkononi, akimwomba mzee wa watu apandishe suruali.

Tarehe 11 Februari mwaka huu ilifika zamu ya goti lake, akagoma kusaini fomu mpaka daktari akubali kufunga mkato huo mmoja kwa uzi juu na pini chini, maana ngozi za watu wawili hazifanani, gundi akaiacha kwa kuwa goti halikutosha. Daktari alikasirika, akakubali. Siku ya tisini ilikuwa tarehe 12 Mei.

Wiki iliyopita moyo ulimsumbua, tukamkimbiza hospitali, na pale kitandani akawa anaulizia tarehe tu, akanishika mkono akasema, "Nisipofika, upime wewe, na usinipendelee." Nilimwambia aache maneno hayo, nikageukia ukutani, na inaniuma kwamba sikumwahidi. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi.

Jana, siku yenyewe ya tisini, nilikwenda chumba cha maiti na rula yake, daktari akiwa pembeni, na sikuzimia. Juu milimita mbili, chini milimita mbili. Nikapima tena, mara tatu, nikimtafutia hata nusu milimita ya kumpa ushindi, sikuipata, nikaandika hivyohivyo kwenye mstari wa mwisho wa daftari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia tangu Ijumaa, wafanyakazi wenzake, na wagonjwa wote waliokubali kupandisha suruali.

Dada, mmetoka sare, na sikukupendelea. Sasa kaa chini, upumzike.