Mkono wa Verna Uliosifiwa Gazetini

Jamani, Verna Kivisto anashuka jukwaani leo Jumamosi, tarehe thelathini Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye jumba letu la maigizo hapa Duluth. Mimi Bernadine ndiye ninayemvalisha, basi wakubwa wakasema haya ya kumuaga niandike mie. Shule sikufika mbali, ila maneno ninayo.

Huyu mama haigizi, anageuka! Kwetu michezo inapokezana: leo malkia, kesho mlevi, keshokutwa bibi harusi, na yote yumo yeye. Siku moja katoka nje kuvuta hewa na matambara ya mlevi, mlinzi wetu akamzuia kurudi: "We mama, hapa hapalalwi! Nenda kanisani, wanagawa supu." Verna akamwomba sigara kwanza, akapewa, ndipo akajitaja. Na Bwana Osgood, yule anayeandika habari za maigizo gazetini, mchoyo wa sifa kama nini, aliwahi kuuliza, "Kwani wako Verna wangapi?"

Msimu wa baridi uliopita akacheza mjane. Akishika kikombe, mkono unatetemeka, kisahani kinalia. Osgood akaandika hajapata kuona mkono ulioigizwa vile, kwamba mkono peke yake umebeba msiba mzima. Nikalikimbiza gazeti chumbani: "Shoga, leo umewamaliza! Mkono wako umekuwa staa!"

Verna akasoma, akaliweka chini. "Bernadine, huo mkono siuigizi."

Daktari alikuwa keshamwambia: ni ugonjwa, na hauponi.

Kesho yake ilikuwa zamu ya bibi harusi. Nikamshikisha shada kubwa la maua ili mkono utulie. Maua yakatikisika mpaka yakapukutika. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani bibi harusi anamwogopa bwana! Verna aliporudi nyuma ya pazia nilimvua shela.

Curtis, mwongozaji wetu, akamwambia kwa wema kabisa, "Mama, usihofu. Nitakutafutia nafasi za vibibi. Vibibi vya kutetemeka viko tele."

"Mwanangu," Verna akamjibu, "hapa nimekuwa kila mtu. Sasa unataka niwe mgonjwa mmoja tu mpaka nife?"

Tulimbembeleza abaki, tukampikia, tukamlilia. Wapi! Wasichana wapya wapo, wazuri, lakini kila mmoja ni yeye yule yule kila siku. Hilo pengo halizibiki, tusidanganyane.

Leo anamcheza mjane kwa mara ya mwisho. Nilitaka haya niyafiche, mwenyewe akakataa: "Andika yote, Bernadine. Waambie mkono wasiupigie makofi."

Basi mmesikia, na Bwana Osgood kasikia. Pigeni kwa malkia, kwa mlevi, kwa wale wote aliotupa. Asante, shoga yangu. Mungu akupe siku nyepesi huko uendako. Sisi huku ndiyo tumekwisha.