Sista Aketch na Ukuta wa Jikoni

Sista Rosebella Aketch anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, zaidi ya nusu yake akiwa nasi hapa Kituo cha Afya cha Qoryale. Aliletwa kutoka Siaya kwa uhamisho wa adhabu, kwa sababu ya mdomo wake. Waliomtuma walidhani jua la Garissa lingemnyamazisha. Poleni.

Siku hizo zamu zetu zilipangwa na ofisi kuu, zikatumwa kwa simu wakati wowote na kubadilishwa wakati wowote. Tuliumwa vichwa, usingizi ukatukimbia, na baadhi yetu tukawa wagonjwa wa presha katika kituo chetu wenyewe. Saynab, mkunga wetu, alimweleza Aketch wazi: “Wallahi abaayo, dada yangu, kazi siogopi. Naogopa simu ikilia.”

Aketch alichukua chaki, akachora wiki nzima kwenye ukuta wa jikoni, akataka kila mtu ajiandikie zamu yake. Anayenyonyesha alichagua kwanza. Mwenzetu Wanji na Wakristo wenzake walibeba zamu za Idd, akina Saynab wakabeba za Krismasi. Saa za kazi hazikupungua, wala wagonjwa. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja sasa aliijua kesho yake, na aliipanga mwenyewe. Presha zikashuka. Saynab akaanza kulala, na simu yake akairudishia mlio.

Ofisi kuu ilikasirika. Ilileta barua ya onyo, kisha fundi wa kuupaka ukuta rangi. Barua haikusema rangi gani, basi Aketch akampa fundi chai na kumchagulia nyeusi. Tangu siku hiyo tuna ubao mzuri kuliko wa shule ya jirani.

Hata sherehe hii ya kumuaga walikuwa wameipanga bila kutuuliza: Ijumaa, saa saba mchana, wakati nusu yetu tuko msikitini. Aketch alikwenda jikoni akaandika ukutani: Alhamisi, baada ya alasiri. Ndiyo maana tumekusanyika leo, na mgeni rasmi atawasili kesho.

Sista, tunakushukuru kwa afya zetu, na tutakukumbuka kwa machozi na kwa kicheko. Nenda nyumbani ulale saa unayotaka, uamke saa unayotaka. Chaki tumebaki nayo sisi, na hatuirudishi.